Betri Ndiyo Hupanga: Historia ya Tetesi za Konsoli za Mkononi

Konsoli mpya ya mkononi inapokaribia kutangazwa, huanza msimu wa tetesi unaofanana sana na ule wa usajili wa wachezaji wa mpira. Jina la chipu linatajwa leo, linakanushwa kesho, linarudi keshokutwa likiwa na kasi mpya na idadi mpya ya viini. Wanaoshiriki msimu huo wengi wana ujuzi wa kweli. Husoma hati za hataza, huchambua nyaraka za shehena zinazopita forodhani, hufuatilia viwanda vya Taiwan na Korea Kusini vinavyotengeneza silikoni, kisha hupiga hesabu ya kile ambacho mashine ijayo itaweza kuchora kwenye skrini. Pamoja na bidii hiyo yote, historia ya zaidi ya miaka 35 inaonyesha kosa linalojirudia, na mara nyingi linaegemea upande uleule: mashine inayotabiriwa huwa na nguvu kuliko ile inayotoka. Naamini kosa hilo lina chanzo kimoja. Mtabiri huanzia kwenye chipu bora iliyopo sokoni au iliyo njiani, ilhali mtengenezaji huanzia kwenye betri, joto na bei, na chipu humjia mwishoni kama jibu la hesabu ambayo vitu hivyo vitatu vimekwisha kuifunga.

Hesabu hiyo iliandikwa mapema, mjini Kyoto. Gunpei Yokoi aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965, wakati kampuni hiyo ingali ikiishi kwa kutengeneza karata, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Inasimuliwa kwamba wazo la mchezo wa mfukoni lilimjia ndani ya treni ya mwendo kasi, alipomwona msafiri akibofyabofya kikokotoo ili kupoteza muda. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, kikokotoo kimo mahali pake katika kisa hiki. Katika miaka ya 1970 Sharp, Casio na wenzao walishindana vikali kuuza vikokotoo, na ushindani huo uliwaachia Wajapani skrini za LCD zinazotumia umeme kidogo mno na zinazopatikana kwa bei ndogo. Yokoi akazichukua. Mwaka 1980 Nintendo ilitoa mfululizo wa Game & Watch, michezo midogo inayoendeshwa na betri za kidonge kama za saa ya mkononi, na hatimaye zikauzwa zaidi ya milioni 43. Njia yake Yokoi aliipa jina la Kijapani linaloweza kufasiriwa kama kuitazama kwa jicho la pembeni teknolojia iliyonyauka. Kwa kunyauka alikusudia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ambayo kasoro zake zinajulikana, ambayo viwanda vingi vinaweza kuizalisha, na ambayo bei yake imeshuka kwa sababu hakuna tena anayeishangaa. Ubunifu ungeingia katika matumizi yake mapya.

Mwaka 1989 falsafa hiyo ilipimwa hadharani. Mwezi Aprili Nintendo ilianza kuuza Game Boy nchini Japani kwa yeni 12,500. Skrini yake ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na vivuli vinne tu vya kijani kilichofifia, bila taa ya nyuma. Kichakataji kilichotoka Sharp kilikuwa cha biti 8, chenye mapigo ya takriban megahezi 4.19, na kumbukumbu ya kazi ilikuwa kilobaiti 8. Kwa yeyote aliyekuwa akifuatilia vifaa vya elektroniki wakati huo, orodha hiyo ilikuwa ya kukatisha tamaa. Miezi michache baadaye Atari ilileta Lynx, mashine iliyobuniwa katika kampuni ya Epyx na wahandisi waliowahi kufanya kazi kwenye kompyuta ya Amiga. Lynx ilikuwa na rangi, skrini yenye mwanga wake, na chipu ya michoro iliyoweza kukuza, kupunguza na kunyoosha picha papo kwa papo, jambo ambalo hata mashine nyingi za sebuleni hazikuliweza. Mwaka uliofuata zikaja Game Gear ya Sega na PC Engine GT ya NEC, nazo zenye rangi na mwanga. Kama ushindi ungeamuliwa kwa kulinganisha orodha za vifaa, Game Boy isingemaliza hata mwaka.

Gharama ya mwanga ule ndiyo inayohitaji kutazamwa. Nyuma ya skrini za Lynx na Game Gear kulikuwa na taa ndogo ya florisenti, na taa hiyo ilikula sehemu kubwa ya umeme wa mashine nzima. Lynx ilihitaji betri sita za AA ili ifanye kazi kwa saa nne au tano. Game Gear nayo sita, na ilizimika baada ya saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne na kuendelea kwa saa 15 au zaidi. Bei nazo zilifuata mkondo huo: nchini Marekani Game Boy iliuzwa dola 89.99, Lynx karibu dola 180, na mashine ya NEC ilikaribia dola 250. Mtoto aliyekuwa na Game Gear alikuwa amenunua pia deni la betri lisilokwisha, na mzazi wake ndiye aliyelilipa kila wiki. Game Boy na toleo lake la rangi kwa pamoja ziliuzwa milioni 118.69. Game Gear iliuzwa takriban milioni 10, na Lynx haikufika hata hapo.

Hapa kuna pingamizi la haki. Wapo wasemao kwamba Game Boy ilishinda kwa sababu ya michezo yake, hasa Tetris iliyofungashwa pamoja na mashine Marekani na Ulaya, na kwamba betri ni sababu ya pembeni. Siwezi kukana nguvu ya Tetris. Lakini Sega nayo ilikuwa na Sonic, mhusika aliyependwa dunia nzima wakati ule, na Game Gear ilikuwa karibu sawa kwa undani na konsoli yake ya sebuleni, Master System, hivyo kuhamishia michezo huko hakukuwa kazi kubwa. Ushahidi mzito zaidi unatoka ndani ya Nintendo yenyewe. Kampuni iliyokuwa na fedha nyingi na michezo inayouzika haikuongeza rangi hadi mwaka 1998, ilipopatikana skrini ya Sharp iliyoweza kuonyesha rangi kwa kuakisi mwanga wa nje, na mashine ikaendeshwa kwa betri mbili tu. Katikati ya miaka ya 1990 kulivuma habari za Project Atlantis, mrithi wa Game Boy mwenye kichakataji cha ARM cha biti 32, kana kwamba angefika wakati wowote. Kichakataji cha aina hiyo kilifika mikononi mwa wachezaji mwaka 2001, ndani ya Game Boy Advance, kwa mapigo ya megahezi 16.78, na bado skrini haikuwa na taa. Wanunuzi walilalamika kwamba hawaoni kitu pasipo mwanga mkali, na walikuwa na haki. Taa ilikuja 2003 katika toleo la SP, pamoja na betri ya lithiamu ya kuchaji. Mpangilio huo wa matukio unajieleza wenyewe: kila hatua ya michoro ilisubiri hatua ya umeme.

Yokoi hakuiona Advance. Aliondoka Nintendo mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya Virtual Boy yake kushindwa sokoni, na akafariki katika ajali ya barabarani Oktoba 1997. Mashine ya mwisho aliyoshiriki kuibuni, WonderSwan ya Bandai, ilitoka Japani mwaka 1999 ikiendeshwa kwa betri moja tu ya AA kwa zaidi ya saa 30.

Pingamizi zito kuliko lile la Tetris ni PSP. Sony iliitoa Desemba 2004 ikiwa na skrini pana ya pikseli 480 kwa 272, kumbukumbu ya megabaiti 32 na michoro ya pande tatu iliyokaribia ile ya PlayStation 2. Iliuzwa takriban milioni 80, na idadi hiyo haiwezi kuitwa kushindwa. Basi nguvu huuza, atasema mpinzani. Nami nakubali kwamba huuza. Hoja yangu inahusu namna nguvu inavyopimwa kabla mashine haijatoka, na hapo PSP ni shahidi wangu. Kichakataji chake kilitangazwa kuwa kinaweza kufika megahezi 333, na namba hiyo ndiyo iliyozunguka kote. Mashine ilipotoka, Sony iliwafungia watengenezaji wa michezo kwenye megahezi 222 ili betri isife mapema, na kufuli hiyo iliondolewa mwaka 2007 kwa toleo la 3.50 la programu ya mfumo. Yaani kwa zaidi ya miaka miwili theluthi moja ya nguvu iliyotangazwa ilikuwa ndani ya mashine lakini haiguswi. Upande wa pili, Nintendo DS ilitoka karibu wakati uleule ikiwa na kichakataji kikuu cha megahezi 67 na kitengo cha michoro kilichoweza kuonyesha pembetatu 2,048 tu katika picha moja. Kitengo hicho kilichora mstari kwa mstari huku skrini ikisoma, bila kuhifadhi picha nzima kwenye kumbukumbu kwanza, na hivyo kuokoa silikoni na umeme. Nadhani huo ni uhandisi wa kupendeza kuliko wengi ulioandikwa kwa herufi kubwa kwenye makasha. DS ziliuzwa milioni 154.

Mrithi wake alitabiriwa kwa kujiamini sana. Tetesi zilizosikika zaidi mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisema Nintendo itatumia Tegra, chipu mpya ya Nvidia iliyokuwa gumzo wakati huo. Juni 2010 kampuni ndogo ya Japani, Digital Media Professionals, ikatangaza kwamba kitengo cha michoro cha 3DS ni PICA200 yake, kazi ambayo ilikuwa imetambulishwa miaka kadhaa kabla. PICA200 haikuwa na uwezo wa kuendesha programu huru kwa kila pikseli kama chipu za kisasa za wakati huo. Badala yake, kazi zinazohitajika mara kwa mara, kama vivuli na mwanga wa kila pikseli, zilichorwa moja kwa moja ndani ya silikoni. Saketi inayojua kazi moja huifanya kwa umeme mdogo kuliko saketi inayojua kazi zote. Haikutajwa sana katika tetesi, kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya chipu zinazosifiwa. PlayStation Vita ya Sony, iliyofuata Desemba 2011 ikiwa na viini vinne na skrini ya OLED, ilikuwa kinyume chake: mashine yenye nguvu kweli, ikauzwa vibaya. Sitaki kuifanya ushahidi wa upande wangu, kwani bei ya kadi zake za kumbukumbu na kuenea kwa simu janja viliiumiza zaidi ya chipu yake.

Kisa cha Switch kina mafunzo mengi zaidi, maana hapo watabiri walipata sehemu kubwa ya ukweli na bado wakaupita. Machi 2015 Nintendo ilitaja jina la siri la NX. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tetesi ziliizungumzia kama konsoli ya sebuleni yenye chipu ya AMD. Julai 2016 tovuti ya Eurogamer iliripoti kwamba ni mashine ya mkononi yenye Tegra ya Nvidia, na habari hiyo ilikuwa sahihi. Watu wakasogeza matumaini hatua moja mbele: kama ni Tegra, basi lazima iwe ile mpya yenye usanifu wa Pascal, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 16. Switch ilipouzwa Machi 2017 na kufunguliwa, ilikutwa na Tegra X1 ya nanomita 20, chipu ileile iliyokuwa ndani ya Shield TV ya Nvidia tangu 2015. Tena mapigo yake yalikuwa yamepunguzwa: kitengo cha michoro kilikwenda megahezi 768 mashine ikiwa kwenye kituo chake cha televisheni, na 307 au 384 ikiwa mkononi. Chipu ya nanomita 16 ilikuja 2019. Nintendo ingeweza kuitumia kuongeza kasi. Ikaitumia kuongeza muda wa betri, kutoka saa mbili na nusu hadi sita na nusu, ukafika saa nne na nusu hadi tisa. Mwaka 2021 Bloomberg iliripoti toleo jipya lenye skrini ya OLED ya inchi saba na picha za 4K. Oktoba mwaka huo skrini ilikuja kama ilivyosemwa, 4K haikuja, na chipu ilikuwa ileile. Tofauti kati ya nusu ile ya kweli na nusu ya uongo haikutokea kwa bahati: skrini huagizwa kwa wingi kutoka kwa kampuni nyingine na agizo huacha nyayo, lakini uamuzi wa chipu iende kwa kasi gani hufanyika ndani ya chumba kimoja, na hubadilika hadi dakika za mwisho.

Kwa nini kasi ndiyo inayokatwa kwanza? Chipu inapoongezewa mapigo huhitaji pia volteji zaidi, na matumizi ya umeme hupanda kwa kufuata mapigo na kipeo cha pili cha volteji. Kuongeza kasi kidogo mwishoni mwa uwezo wa chipu hugharimu umeme mwingi kupita faida yake. Njia ya busara ni kuwa na viini vingi vinavyokwenda polepole, kama wachukuzi kumi wenye mizigo myepesi wanaofika bila kuhema, kuliko wachukuzi watatu waliolemewa. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, imejengwa hivyo. Chipu yake ya Nvidia, T239, ina viini vya michoro 1,536 dhidi ya 256 vya Switch ya kwanza, lakini mkononi vinakwenda megahezi 561 tu, na kwenye kituo megahezi 1,007. Watabiri walioona idadi ya viini katika nyaraka zilizovuja baada ya udukuzi wa Nvidia mwaka 2022 walikuwa sahihi. Wengi wao wakahitimisha kwamba chipu kubwa namna hiyo lazima itengenezwe kwa nanomita 5 au 4, ama sivyo isingewezekana mkononi. Ikatoka kwa teknolojia ya Samsung ya nanomita 8, yenye usanifu wa Ampere uliouzwa kwenye kompyuta tangu 2020. Yokoi angeitambua mara moja.

Mtu anaweza kusema kwamba Switch 2, mashine ya dola 449.99 yenye DLSS, mbinu ya Nvidia ya kujazia pikseli, haiwezi kuitwa teknolojia iliyonyauka. Naona kwamba DLSS ndiyo inayotimiza kabisa mantiki ya miaka ile ya Yokoi. Mashine huchora picha yenye pikseli chache, kisha mtandao wa nyuroni uliofunzwa hujaza zilizobaki kwa kuangalia picha zilizotangulia na mwendo wa vitu. Picha inayofika machoni ina maelezo mengi kuliko kazi iliyofanyika. Vigae vya pikseli nane kwa nane vya Game Boy, vilivyorudiwarudiwa kutengeneza mandhari nzima ndani ya kilobaiti chache, vilikuwa na lengo hilohilo. Katika konsoli za mkononi sanaa ya michoro imekuwa siku zote sanaa ya kuepuka kazi.

Steam Deck ya Valve, iliyotoka Februari 2022, hutajwa kuonyesha kwamba kanuni hii imevunjika, maana imeleta michezo ya kompyuta kamili kiganjani. Ni kweli imepanua soko kwa kiasi ambacho wachache walitarajia. Lakini chipu yake ya AMD imefungwa kati ya wati 4 na 15, skrini ni pikseli 1,280 kwa 800, na toleo la OLED la 2023 lilipopata silikoni ya nanomita 6 na betri kubwa zaidi, nguvu ya michezo ilibaki karibu palepale huku muda wa betri ukirefuka. Valve walifanya mwaka 2023 kile ambacho Nintendo walifanya 2019. Tena wamesema waziwazi kwamba Steam Deck ya pili itasubiri mruko wa kweli wa nguvu usiodai umeme zaidi.

Sasa tetesi zimeigeukia Sony. Novemba 2024 Bloomberg iliripoti kwamba kampuni hiyo inaandaa mashine ya mkononi yenye kuendesha michezo ya PlayStation 5, na tangu hapo mabishano yamehusu idadi ya viini na kizazi cha usanifu wa AMD. Kwa kipimo cha historia hii, swali hilo linakuja mapema mno. PlayStation 5 hufika karibu wati 200 mchezo mzito unapoendeshwa. Mashine ya kushika mkononi bila kuunguza viganja ina wati 15 hivi, labda 20. Kwa silikoni mpya, viini vingi vya polepole na kujazia pikseli kwa njia inayofanana na DLSS, sehemu kubwa ya pengo hilo inaweza kuzibwa. Sehemu ngumu ni kumbukumbu. Kitengo cha michoro cha PlayStation 5 husoma kumbukumbu kwa gigabaiti 448 kila sekunde, na kila baiti inayosafirishwa hugharimu umeme. Kumbukumbu ya LPDDR5X ya aina inayotumika kwenye mashine za mkononi, ikiwa na njia ya biti 128, hutoa karibu gigabaiti 136. Mchezo ulioandikwa kwa kutegemea upana ule wa kwanza hautapona kwa kuongezewa viini. Utahitaji akiba kubwa ya kumbukumbu ndani ya chipu yenyewe, kama AMD walivyoanza kufanya kwenye kadi zao za michoro mwaka 2020, ili data nyingi zisitoke nje kabisa. Akiba hiyo hula eneo la silikoni, na eneo ni pesa. Ukubwa wake utaamua michezo mingapi ya PlayStation 5 itahamia kiganjani bila kuandikwa upya, na mpaka sasa tetesi nyingi hazijautaja.